Mtoto akirudi likizo na homa: Malaria inayosafiri hadi Tunduma

Tunduma. Januari shule zikifunguliwa, watoto waliokwenda kula sikukuu kwa bibi na babu Kamsamba, Galula au Kyela hurudi mjini na mchele, mahindi mabichi na mikono yenye alama za mbu. Wiki ya kwanza wanakuwa wazima kabisa. Wiki ya pili mmoja anaanza kukataa chakula, jioni mwili unachemka, usiku anatapika. Mama anampa panadol na kumfunika blanketi, kwa sababu Tunduma kuna baridi, mafua hayaishi, na malaria, kama wengi wanavyoamini hapa, ni ugonjwa wa watu wa huko chini.

Imani hiyo haikutoka hewani. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 8.1 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea vya malaria. Tabora iliongoza kwa asilimia 23.4. Songwe iliwekwa kwenye kundi la mikoa tisa yenye maambukizi chini ya asilimia moja, pamoja na mikoa kama Njombe, Iringa, Arusha na Kilimanjaro. Hizo ni habari njema na si za kubezwa, hasa ukikumbuka kwamba mwaka 2008 kiwango cha kitaifa kilikuwa kama asilimia 18.

Lakini wastani wa mkoa ni kama bei ya jumla sokoni, haukuambii kilichomo ndani ya kila gunia. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, una sura mbili. Kuna nyanda za juu za Tunduma, Vwawa na Mlowo, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako kahawa inastawi na sweta halikauki kwenye kamba mwezi Juni. Halafu kuna bonde la Ziwa Rukwa upande wa Momba na Wilaya ya Songwe, kwenye meta 800 hivi, kuna joto, mpunga na maji yaliyotuama. Mtu anaweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa basi la siku moja. Mbu hana haja ya kufanya safari hiyo. Abiria wanamfanyia kazi.

Kwa nini baridi inatusaidia

Malaria inayoua zaidi Afrika huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, na anayekibeba ni mbu jike wa jamii ya Anofelesi. Kwamba mbu ndiye msambazaji liligunduliwa na daktari Mwingereza Ronald Ross akiwa India mwaka 1897. Kabla ya hapo Wazungu walidhani inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, na ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Kiitaliano.

Kinachosahaulika ni kwamba mbu hazaliwi na malaria. Lazima kwanza amnyonye mtu ambaye tayari ana vimelea kwenye damu, kisha vimelea hivyo vikue ndani ya tumbo la mbu mpaka vifike kwenye tezi za mate. Ukuaji huo unategemea joto. Kwenye nyuzi joto 25 huchukua takriban siku 12. Kwenye nyuzi 20 huchukua kama wiki nne, na chini ya nyuzi 16 husimama kabisa. Sasa mbu wengi hawaishi wiki nne. Anakufa kabla mzigo wake haujaiva. Hiyo ndiyo siri ya Tunduma, na ndiyo siri ya Njombe na Makete. Mbu wapo, wagonjwa wanaoingia wapo, ila hesabu ya siku haikubali kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Nimesema sehemu kubwa ya mwaka kwa makusudi. Kuanzia Oktoba hadi mvua zinapokolea, joto hupanda hata huku juu. Ndani ya nyumba ya bati yenye jiko la mkaa na watu sita, mbu aliyetulia ukutani anapata joto zaidi ya lile la nje. Kwa hiyo hata mji wa baridi unaweza kupata wagonjwa wachache walioambukizwa papo hapo, hasa panapokuwa na wageni wengi wenye vimelea. Na ni mji gani una wageni wengi kuliko huu?

Tunduma ndipo barabara kuu ya TANZAM inapovuka kuingia Zambia na ndipo reli ya TAZARA inapopita. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yakielekea Kapiri Mposhi, Lubumbashi na Harare hupanga foleni hapa, na yanayorudi hupanga ng'ambo, Nakonde. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza foleni hiyo, lakini madereva na utingo bado hulala kwenye kabini au chini ya tela, wakiwa wametoka siku chache tu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayoshika nafasi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria. Kuna barabara ya Sumbawanga pia. Kuna wachimbaji wa dhahabu wanaopanda na kushuka Saza na Chunya. Kuna akina mama wanaofuata mchele Kamsamba na Kyela, wanaolala siku tatu kwenye nyumba ya kulala wageni isiyo na chandarua wakisubiri mzigo ukobolewe.

Mwili usioijua malaria

Hapa ndipo familia za nyanda za juu zinapotakiwa kuwa makini kuliko hata ndugu zao wa bondeni.

Mtoto anayezaliwa na kukulia mahali penye malaria nyingi huugua mara kadhaa akiwa mdogo, na kila mara mwili wake hujifunza kidogo namna ya kupambana. Akifika utu uzima anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shambani. Kinga hiyo haizuii maambukizi, inapunguza makali. Pia haidumu. Aliyehama Kyela akakaa Tunduma miaka kadhaa bila kuumwa na mbu mwenye vimelea hupoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo bila kujua. Ndiyo maana mjomba anayerudi kijijini kwao kwa msiba huumwa vibaya wakati waliokaa huko wote wanamshangaa kwamba amekuwa wa mjini.

Mtoto wa Tunduma hana hata hiyo kinga ya kupoteza. Wala baba yake aliyezaliwa Vwawa. Katika maeneo yenye malaria kidogo, ugonjwa mkali haumchagui mtoto mchanga peke yake, kijana wa miaka 25 mwenye kifua kipana naye anaweza kupoteza fahamu siku ya tatu au ya nne ya homa. Mjamzito yuko kwenye hatari zaidi, yeye na aliye tumboni, kwa sababu vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo.

Kimelea kikiingia mwilini kinapitia kwanza kwenye ini, ambako kinazaliana kimyakimya bila dalili yoyote. Dalili huanza siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Hesabu hii ni muhimu kwa mzazi. Mtoto aliyerudi jana kutoka Kamsamba na homa yake imeanza leo huenda aliumwa na mbu wiki iliyopita. Aliyerudi wiki tatu zilizopita, akawa anacheza mpira kila siku, naye bado yumo ndani ya muda wa hatari. Kwa hiyo ukifika zahanati usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: mtoto huyu alikuwa mahali fulani, alirudi tarehe fulani. Mhudumu aliyezoea kuona mafua na vichomi siku nzima anaweza asiulize, na sentensi hiyo moja inabadilisha kipimo atakachoagiza.

Baada ya ini, vimelea huvamia chembe nyekundu za damu, hula, huzaliana na kuzipasua kila baada ya saa 48 hivi. Hapo ndipo homa inapopanda na mtu anatetemeka. Vitabu vya zamani vilieleza homa inayokuja siku moja na kupumzika siku inayofuata. Usiingoje ratiba hiyo, kwa falciparum mara nyingi haionekani. Mgonjwa anaweza kuwa na homa muda wote, kichwa kuuma, viungo kulegea, kichefuchefu, kuharisha, hata kukohoa. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Yeye ananyong'onyea, analialia, anakataa titi.

Upande wa pili wa shilingi

Kama wapo wanaosema malaria Tunduma hakuna, wapo pia ambao kila homa kwao ni malaria. Mtu akiamka viungo vinauma anapita duka la dawa, anataja malaria, anapewa dozi, wakati mwingine na sindano juu yake kwa sababu ana haraka ya kurudi kazini. Watu hao wawili wanaonekana wanapingana, lakini wamefanya kitu kilekile, kubahatisha.

Gharama ya kubahatisha imewahi kupimwa hapa nchini. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha utafiti ulioongozwa na Hugh Reyburn, uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliokuwa na ugonjwa mkali walikuwa wakitibiwa malaria. Damu zao zilipochunguzwa upya kwa hadubini, ni asilimia 46 tu waliokuwa na vimelea. Zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa mwingine. Mbaya zaidi, wale wasio na malaria walikufa zaidi: asilimia 12 dhidi ya asilimia 7 hivi ya waliokuwa nayo kweli. Wengi wao hawakupewa antibayotiki yoyote. Walikuwa na nimonia, au maambukizi kwenye damu, au homa ya uti wa mgongo, na jina la malaria likawazibia njia.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, ulichapishwa utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Malaria ilikutwa kwa kama asilimia 10. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Na taifodi, ugonjwa ambao siku hizi kila mtu anaambiwa anao pamoja na malaria na yutiai katika karatasi moja ya maabara, ilikuwa chini ya asilimia 4. Kama hali ndiyo hiyo Ifakara, kwenye joto na mpunga, huku kwetu kwenye baridi uwezekano kwamba homa ya mtoto ambaye hajasafiri popote ni malaria ni mdogo zaidi. Mtoto huyo anahitaji mtu amhesabie pumzi na kumsikiliza kifua. Vidonge vya mseto havitamsaidia nimonia.

Dawa ya mseto si kitu cha kuchezea kwa sababu nyingine pia. Wazazi wetu walitumia klorokwini mpaka ikagoma. Mwaka 2001 Serikali ikahamia kwenye SP, nayo ikachoka haraka, na mwaka 2006 ikapitishwa dawa mseto ya ALu tunayotumia hadi leo. Zambia walitutangulia kuichukua. Sasa watafiti wamekuta mkoani Kagera vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya viondoke taratibu zaidi mwilini mtu anapotumia dawa za kundi la artemisinini, ambalo ndilo uti wa mgongo wa mseto. Hali kama hiyo imeonekana Rwanda na Uganda. Dawa bado inaponya. Lakini foleni ya dawa nyingine zinazosubiri nyuma yake si ndefu.

Kipimo hakichukui hata nusu saa

Kipimo cha haraka, kile ambacho wahudumu hukiita MRDT, kinahitaji tone moja la damu kutoka kidoleni na majibu hupatikana ndani ya dakika 15 hadi 20. Zahanati nazo zina uwezo wa kukifanya. Serikali imekuwa ikitangaza kwamba kipimo hicho, dawa mseto na sindano ya artesuneti hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo ukitozwa una haki ya kuuliza.

Kuna jambo moja kuhusu kipimo hiki ambalo ningependa kila mama alijue, kwa sababu limezaa ile hadithi ya "malaria sugu". MRDT haioni kimelea chenyewe, inaona protini kinayoiacha kwenye damu. Protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtu akimaliza dozi yake vizuri Jumatatu, akashikwa na mafua wiki inayofuata na kupima tena, kipimo kinaweza kuonyesha bado anayo. Anapewa dozi ya pili, halafu ya tatu. Kama umetibiwa malaria ndani ya mwezi mmoja na homa imerudi, omba damu ichunguzwe kwa hadubini. Hadubini inamwona mdudu mwenyewe, na inaweza kuhesabu ni wangapi.

Kipimo kikisema hakuna, na mtoto alisafiri, na homa haishuki, rudi kesho yake upime tena. Siku za mwanzo vimelea vinaweza kuwa vichache mno.

Dozi ni siku tatu

ALu hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara, chini ya kilo 25 viwili, chini ya 35 vitatu, kuanzia kilo 35 vinne. Jumla ni mara sita. Mara ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani ni asubuhi na jioni tu. Akianza saa 2 asubuhi, mara ya pili ni saa 10 jioni. Kuanzia kesho yake ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, siku ya pili na ya tatu.

Dawa hii inapenda mafuta. Ukiimeza na chai ya rangi tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Maziwa, uji uliowekwa karanga, chapati, wali wenye mafuta, chochote kati ya hivyo kinasaidia. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, rudia kipimo hichohicho na umwambie mhudumu, kwa sababu utahitaji vidonge vya ziada. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 5 na mama mwenye mimba changa wapelekwe kwa daktari, wasinunuliwe dukani.

Homa mara nyingi hushuka siku ya pili. Hapo ndipo vidonge vinapobaki kwenye bahasha na kuwekwa juu ya kabati "kwa ajili ya siku nyingine", au kugawiwa kwa mdogo wake anayekohoa. Nusu dozi huacha vimelea vile vilivyo vigumu zaidi kufa. Vikibaki, vinaweza kupanda tena.

Sindano ina mahali pake, nako ni kwenye malaria kali, hospitalini. Mgonjwa hupewa artesuneti saa ya kwanza, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha akiweza kumeza anamalizia na dozi kamili ya mseto. Anayechomwa sindano moja uchochoroni na kuambiwa amepona ameshushiwa homa tu.

Na malaria kali utaijuaje? Mtoto anapata degedege. Anatapika kila kitu, hata maji. Hawezi kukaa wala kunyonya, analala na haamshiki vizuri. Anapumua kwa kasi na kwa shida. Viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe kwa kukosa damu. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya kola, au hakojoi kabisa. Mtu mzima anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha, nenda usiku huohuo. Kituo kidogo kinaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka sita dawa ya artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa wakati usafiri wa kwenda hospitali ya rufaa Vwawa unatafutwa.

Degedege lina mambo yake katika familia zetu. Wapo wazee ambao hadi leo wanaamini ni jambo la upepo au ndege wa usiku, na kwamba sindano ikimgusa mtoto mwenye degedege atakufa. Mabishano na bibi saa 7 usiku hayana faida. Zipo familia ambazo bibi amepandishwa kwenye bajaji pamoja na mtoto, akaomba dua yake njiani, wakafika wote hospitali. Kinachoua ni saa zinazopotea. Kimelea cha falciparum huzifanya chembe za damu zigande kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, na hata anayepona akichelewa anaweza kubaki na kifafa au ulemavu.

Chandarua kwenye begi

Tunduma vyandarua vingi vimefungwa juu ya dari au vimezungushiwa vifaranga na mchicha. Kwa kuwa hakuna mbu wengi wa kukera, mtu haoni sababu. Ushauri wangu kwa familia za huku ni kwamba chandarua chenye dawa kiwe kitu cha safari, kama mswaki. Mtoto anapokwenda kwa bibi kiwe kwenye begi lake. Baba anayefuata mpunga awe nacho, dereva na utingo wawe nacho. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinafanya sehemu kubwa ya kazi. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kianikwe kivulini, jua huua dawa yake. Mama mjamzito hupewa kimoja anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa. Mjamzito ameze pia SP kliniki kila mwezi kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita, isipokuwa kama tayari anatumia septrini. Asiache kwa kuwa anaishi penye baridi, hasa kama ana safari.

Kuhusu kufyeka majani kuzunguka nyumba, fyeka kwa ajili ya nyoka na usafi. Mbu hataga mayai kwenye majani, anataga kwenye maji. Na huyu wa malaria hapendi mtaro wenye maji machafu wa pale Sogea au Majengo. Hao wanaovuma huko mara nyingi ni kyuleksi, wasumbufu ila hawaleti malaria. Anofelesi anataka maji masafi yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya lori, mashimo ya kufyatulia matofali, majaruba ya mpunga. Mashimo ya matofali Mpemba na Chapwa yakifukiwa kabla ya mvua, hiyo ni kinga halisi. Yale yasiyofukika yanaweza kunyunyiziwa viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha, na hilo ni la halmashauri na wenyeviti wa mitaa kulisimamia.

Wengi wananiuliza kuhusu chanjo. Ipo, na Watanzania walishiriki kuipata: Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofanya majaribio ya RTS,S, ya kwanza kupitishwa. Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe ukiwa Ileje, walianza kuwapa watoto Aprili 2019. Inapunguza ugonjwa mkali, haiufuti, na mtoto aliyechanjwa huko bado anatakiwa kupimwa akipata homa.

Likizo ya Juni ni ya baridi, lakini bondeni madimbwi yaliyoachwa na mvua za Aprili na Mei yanakuwa bado yana maji, na mpunga unavunwa. Watoto wengi watashuka kusaidia kufukuza ndege na kupeta. Andika tarehe ya kuondoka na ya kurudi nyuma ya daftari la kliniki au kadi ya bima. Akipata homa wakati wowote hadi mwisho wa Agosti, mwonyeshe mhudumu tarehe hizo kabla hajashika kalamu.